Wote Wanaanza na Magoti

Mwaka jana mwezi wa Agosti niliketi nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa Bagamoyo, nikiwa nimemsindikiza mwanachuo wa Kimarekani aliyekuja kujitolea kwa majuma matatu. Kazi yangu ni kuwafundisha Kiswahili wageni wa aina hiyo, na siku ya kwanza huombwa niwepo nikalimani mambo yatakapokwama. Binti yule alisimama mbele ya darasa, akagusa goti lake, akauliza kwa Kiingereza linaitwaje. Darasa zima likanyamaza. Akagusa kiwiko, wakanyamaza vilevile. Alipolitamka neno mwenyewe, watoto sitini na kitu walilirudia kwa sauti moja na kwa furaha kubwa, kana kwamba hawajapata kulisikia tangu wazaliwe, naye akanitazama machozi yakimlengalenga kwa kuona kazi yake inavyopokelewa. Mtoto aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu ni wa nne. Wote wanaanza na magoti."

Nimeifikiria sauti ile kwa muda mrefu. Watoto wale hawakuwa wakimdhihaki mgeni. Walikuwa wakimtendea adabu waliyofunzwa nyumbani, kwamba mgeni akikuletea hadithi unayoijua, unaisikiliza mpaka mwisho na unacheka pale anapotaka ucheke. Mwalimu wao wa somo alikuwa chini ya mwembe akisahihisha madaftari ya darasa jingine. Nilipomuuliza kama hajali kupotezewa vipindi vya majuma matatu mara nne kwa mwaka, alinijibu, "Ndugu yangu, mgeni humfukuzi," akarudi kwenye madaftari yake.

Lakini shule hiyohiyo hupokea wageni wa namna nyingine, na hao haiwachekei. Ni wanachuo wetu wa ualimu wanaokuja BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo wa BTP hafungui mdomo mbele ya watoto kabla azimio lake la kazi halijapitiwa na andalio lake la somo halijatiwa saini. Mkufunzi wake huja siku asiyoitarajia, akaketi nyuma pale nilipoketi mimi, akaandika alama. Akikosea kuandika lengo mahususi huambiwa arudie, na wapo waliotoka ofisini mwa mwalimu wa taaluma wakifuta jasho. Huyu amesomea ualimu, lugha ya watoto anaijua, na bado anasimamiwa. Yule mwingine anasomea biashara au sayansi ya siasa, jina la mtoto hata mmoja halijui, na anakabidhiwa chaki siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege. Sababu ya tofauti hiyo sijaipata, isipokuwa ile ambayo hatupendi kuitamka.

Hamu ya vijana hao siibezi. Nimekaa nao mezani, najua kwamba wengi wao wamefanya kazi za mikahawani kwa miezi ili wapate nauli. Isitoshe, sisi wenyewe hatuna rekodi isiyo na doa: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda kulitumikia taifa katika JKT, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Kijana anayetafuta mwenyewe pa kutumikia anastahili heshima.

Ninachokikosoa ni jinsi hamu hiyo inavyofungashwa. Marekani ilipoanzisha Peace Corps, shirika lake la watu wa kujitolea, mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, na waliokuja walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, watu waliohitajika kwa ajili ya barabara na ramani, wakakaa kwa muda wa kutosha kazi kuonekana. Mpango wa kujitolea wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, nao unamtaka kijana akae miezi isiyopungua 6. Sisemi kwamba mipango hiyo haina kasoro. Ila katika miezi sita mtu hupata malaria, hugombana na jirani, hujua bei halisi ya mchele, na siku moja huambiwa ukweli. Majuma matatu yanatosha kuchora ukuta tu. Ukuta wa shule ninayoizungumzia una ramani ya Afrika iliyochorwa juu ya ramani nyingine ya Afrika, na ukiutazama jua la jioni likiwa ubavuni unaiona Madagaska mbili.

Nauli na ada wanazolipa ni pesa nyingi, na sehemu kubwa huishia kwa waandaaji wa safari. Shule hubakiwa na rangi na mipira. Hilo ni la kuudhi tu. La vituo vya watoto yatima ni zito zaidi, kwa sababu penye mgeni anayelipa ili ambebe yatima hupatikana mtu wa kumtafuta yatima, hata kama mama yake mzazi yu hai kijijini na kilichomshinda ni ada na sare. Australia, ilipotunga sheria yake ya utumwa mamboleo mwaka 2018, iliihesabu biashara ya kuwapeleka watoto katika vituo vya namna hiyo kuwa sura mojawapo ya utumwa huo. Mimi mwenyewe niliacha kukalimani katika kituo kimoja baada ya kumsikia mtoto wa miaka sita akimwita "mama" mgeni aliyefika asubuhi ileile.

Haya yote yasingenishughulisha sana kama Bagamoyo isingekuwa na mfano mwingine, umbali wa kutembea kwa miguu. Hapa pana TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, ambako vijana kutoka Ulaya na Marekani huja kujifunza ngoma. Wanalipa ada, wanakaa kwenye mkeka, na mwalimu akiona mkono unachelewa anausimamisha mdundo wote na kumtaja mkosaji kwa jina. Niliwahi kumwona kijana mmoja wa Kiswidi akirudishwa kwenye pigo lilelile mpaka vidole vikamvimba, na mzee aliyekuwa akimfundisha hakumsifu hata mara moja. Baada ya miezi miwili kijana yule alikuwa akiwaamkia wazee mtaani bila kukumbushwa, anajua nani ni shemeji wa nani, na alipofiwa mwenye nyumba wake alibeba maji msibani bila kuuliza ayapeleke wapi. Hakuna aliyesema amekuja kutusaidia, na kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumfichia chochote.

Mji huu unalijua jambo hili kwa pande zote mbili. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakiwa na nia ya kuwasaidia watumwa waliokombolewa, na historia ya yaliyofuata ni ndefu. Miaka thelathini na ushei baadaye, mwaka 1900, mwenyeji wa huku, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Alikuwa mjuzi aliyeandika mila na desturi za watu wa pwani akizijua kuliko mgeni yeyote, lakini darasani hakupewa heshima ya mwalimu, akaiacha kazi ile, naye akafia Ujerumani mwaka 1927. Nikiwaeleza wageni wangu habari zake wanahuzunika kwelikweli. Huwa sipati ujasiri wa kuwaambia kwamba yeye alikuwa mwalimu hasa, na kwamba wao hapa wanaitwa walimu tangu uwanja wa ndege.

Safari ya kinyume bado ni nyembamba. Mpango ule wa Kijerumani ulifungua mlango wa vijana wa nchi kama yetu kwenda Ujerumani mwaka 2013, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wa jirani yangu hapa Magomeni, aliyetaka tu kwenda kusoma kwa muhula mmoja, alidaiwa taarifa ya benki ambayo ukoo mzima ukichangishana haufikii.

Nilimweleza mwalimu mkuu maoni yangu mwezi wa Septemba, nikidhani atayaona ni ya kejeli: mgeni yeyote atakayekuja awe chini ya masharti ya BTP. Juma la kwanza akae nyuma asikilize, la pili aandike andalio, na akishindwa asaidie kusahihisha madaftari na kuhesabu madawati. Alicheka, akasema atajaribu kwa mmoja. Aliyefuata alikuwa mwanachuo wa hisabati kutoka Uholanzi, mpole, mwenye haraka ya kufaa. Nilimsaidia kuandika andalio la kwanza kwa Kiswahili, kuhusu kujumlisha sehemu. Mwalimu wa darasa, yuleyule wa chini ya mwembe, alilisoma huku kalamu nyekundu ikitembea, akalirudisha. La pili likarudi pia. Mgeni alikuja nyumbani kwangu jioni, uso umemwiva, akaniuliza kama mwalimu yule anamchukia.

Nilimwambia hapana, na kwamba kati ya wageni wote waliopita pale yeye ndiye wa kwanza ambaye mwalimu amesoma kazi yake. Akakaa kimya, kisha akaomba rula. La tatu lilitiwa saini siku ya Alhamisi, kipindi cha pili, na mwalimu akaingia naye darasani, akaketi nyuma.