Nilivyojifunza kusoma mapigo ya moyo ya sili kwa kumvalisha ami yangu mkanda

Watu wakisikia nafuatilia mambo ya miili ya wanyama wa baharini swali la kwanza ni lile lile, eti nimeshamvalisha pomboo mashine gani. Hakuna. Mimi ni fundi simu hapa Lamu, na Kenya hii huwezi kuamka tu ukamshika pomboo au nguva ukambandika kitu mgongoni, kuna sheria ya wanyamapori ya 2013 na kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na hata ningepewa hicho kibali nisingekitaka manake sina ujuzi wa kumshika mnyama asidhurike. Niliyemvalisha ni ami yangu, anayezamia kamba mawe kule Kizingitini tangu mimi sijazaliwa, na kupitia yeye ndo nikaja kuzielewa grafu za sili (mamalia wa baharini mwenye mapezi badala ya miguu) na nyangumi ambazo mwanzo nilikuwa nikizitazama naona mistari inapanda inashuka basi.

Ilianzia kwa rafiki yangu anayesoma chuo Kilifi, alikuwa akinitumia makala akijua napenda vifaa vidogo vidogo. Kuna mtu anaitwa Gerald Kooyman, Mmarekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Antaktika akataka kujua sili wa Weddell wanazama kina gani na muda gani, na kifaa alichowafunga kilitengenezwa kwa ile saa ya jikoni ya kutegeshea dakika, inazungusha kioo kilichopakwa masizi na sindano inachora kufuatana na presha ya maji. Saa ya jikoni jamani! Nikasema hawa ni mafundi wenzangu. Halafu nikasoma ya 2019, timu ya Jeremy Goldbogen wa Stanford imembandika nyangumi wa buluu kifaa chenye vikombe vya kunyonya, elektrodi, yaani vile vipande vinavyopokea umeme wa moyo, ziko ndani ya vikombe, pale Monterey Bay California, na moyo wa yule mnyama akiwa chini ulikuwa unapiga mara 4 mpaka 8 kwa dakika, kuna wakati umeshuka hadi 2, akirudi juu kuvuta pumzi unakwenda 25 mpaka 37. Mara mbili kwa dakika!

Lakini iliyonikamata hasa ni ile ya sili wa Skotlandi, pia 2019. Walichukua teknolojia ya hospitali, ile ya taa nyekundu na infraredi inayopenya ngozi kuangalia damu na oksijeni, nadhani wengi mmebanwa kidole na ka-klipu hospitalini, sasa ya kwao ni ndugu ya hiyo ila inaingia ndani zaidi, wakaitengeneza ndogo isiyoingia maji wakambandika sili. Wakaona damu inaanza kupungua kwenye tabaka la mafuta chini ya ngozi sekunde 15 hivi KABLA sili hajazama. Yaani hajalowesha uso bado mwili ushafunga mishipa ya pembeni, damu inawekwa kwa ajili ya ubongo na moyo. Mimi hapo nikauliza swali la fundi: mstari huu unashuka, nitajuaje kama ni damu kweli au ni kifaa kimesogea? Mnyama kajikuna, kageuka, sensa imeachia kidogo, mstari si utashuka vile vile? Nikawa silali na hilo swali, na ndo nikamkumbuka ami.

Manake kuzama ni kuzama. Binadamu naye akibana pumzi na uso ukaingia majini moyo hupunguza mwendo na mishipa ya mikono na miguu hubana, ni jambo lile lile la sili ila letu ni dogo. Sili ana damu nyingi kuliko sisi kwa uzito wake, misuli yake imejaa ile protini inayoshika oksijeni mpaka nyama yake inaonekana nyeusi, na bandama lake ni ghala la chembe nyekundu anazimwaga akizama. Na sili huzitoa pumzi kabla hajashuka, ami yeye huvuta za kujaza kifua. Kwa hivyo si sawa sawa, ila ami ana sifa moja ambayo sili hana: anaongea.

Nikaanza na saa ya mkononi, zile za mazoezi zenye taa ya kijani mgongoni, mteja aliniachia imekufa betri nikaifufua. Juu ya boti inasoma vizuri, ami akishazama haichukui muda inapotea, inaonyesha vistari tu au inatoa namba za ajabu. Sababu ziko mbili tatu zinazochanganyika, maji yanaingia kati ya saa na ngozi, mkono unachezacheza, na juu ya hayo ile taa inategemea damu iliyopo kwenye ngozi ya kifundo cha mkono, na damu yenyewe ndo inayoondoka mtu akizama. Ukifikiria ni kama askari anayelinda mlango ambao wenye nyumba wameshatokea wa nyuma. Kuna anayeweza kusema basi kule kupotea kwenyewe ni ushahidi wa mishipa kubana, mimi sikuthubutu kusema hivyo, kwa saa ile huwezi kutenganisha damu na maji na mtikisiko, na watu wa sili walilazimika kupima kwa zaidi ya rangi moja ya mwanga ndo waweze kusema kitu.

Nikahamia mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Hapa zingatia mkanda uwe na memori yake ndani, manake Bluetooth haipiti majini, mita moja tu ya maji na simu yako boti haioni kitu, mkanda usio na memori utakuletea faili tupu. Tatizo la pili ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri mno, kwa hivyo ule umeme mdogo wa moyo unaofika kwenye ngozi unakimbilia majini badala ya kuingia kwenye elektrodi, unapata mstari wenye manyoya matupu. Nikakumbuka vikombe vya yule nyangumi, kumbe elektrodi kuwa ndani ya kikombe si kwa ajili ya kushika tu, imefichwa na bahari pia! Mimi vikombe sina. Nikapaka jeli ya elektrodi katikati, halafu vaselini nzito kuzunguka ukingo wote wa pedi isigusane na jeli, halafu juu yake nikakaza kipande cha suti ya mpira ya kuzamia, ilikuwa chakavu imeachwa na mgeni mmoja Shela nikaikata kwa upana wa kiganja. Kifua inabidi kinyolewe pale mkanda unapokaa, hilo ami alilikataa kabisa mwanzo, ikabidi bibi aingilie kati. Baada ya hapo mapigo yakaanza kutoka safi, kilele kimoja kimoja unakihesabu.

Kwa kupima kina nilitumia kompyuta ya wazamiaji inayovaliwa mkononi kama saa, kuukuu, inahifadhi presha tu, na kila mita 10 za maji ni kama kuongeza anga nzima moja juu yako kwa hivyo hesabu si ngumu. Saa za vifaa vyote nazisawazisha na simu asubuhi na nazikagua tena jioni, manake hapa sekunde ni mali. Na mimi mwenyewe nakaa kwenye boti simu inarekodi sauti, nasema "kazama", "katoka", "kashika ubavu wa boti". Tulikuwa tunangoja maji mafu mkondo upungue na maji yawe meupe, kusi likivuma hakuna kazi.

Sasa raha yenyewe ni jioni. Nafungua laptopu barazani, ami na kahawa yake, tunapita mzamo mmoja mmoja. Kawaida yake akiwa anajitayarisha juu moyo uko mia na kitu, akishuka unaporomoka hadi hamsini na kitu, unakaa hapo, akikaribia kutoka unaanza kupanda hata kabla kichwa hakijafika juu. Hiyo ya kupanda mapema hata kwa sili ipo. Lakini kulikuwa na mizamo ambayo chini kabisa, pale unapotegemea mstari utulie, moyo unaruka juu halafu unarudi. Kwa macho yangu ya fundi ile ilikuwa mkanda umesogea, nilishaanza kuifuta.

"Ami, hapa kuna nini?"

Akatazama saa ya ule mzamo, akafikiri. "Hapo ndipo alipojibana yule mkubwa. Nimemtilia pweza tundu la kwanza akatokea, nikamkosa, akaingia jiwe jingine. Nilimvuta kwa nguvu, mwanangu."

Kwa wasiojua, wazamiaji wa huku hutumia pweza kwenye kijiti, kamba akimuona pweza hutoka pangoni mbio manake ni adui yake. Basi kile kilima si hitilafu, ni kazi ya misuli. Mwili unavutwa pande mbili, kuzama kunasema punguza na misuli inasema ongeza. Na mzamo mwingine moyo umekaa chini kuliko yote, mimi naona ndo mzamo mgumu, yeye akanambia hapo hakufanya kitu, alilala tu juu ya mwamba akichungulia. Nikaacha kufuta chochote kabla sijamuuliza.

Niliporudi kwenye grafu za sili nikawa naziona kwa jicho jingine. Watafiti wa Marekani akiwemo Terrie Williams wameonyesha sili wa Weddell na pomboo wakifanya kazi nzito kinani moyo unakosa utaratibu, na narwhali, nyangumi wa bahari za barafu za kaskazini, aliyenaswa na nyavu akaachiwa anakimbia kwa nguvu huku moyo umeshuka hadi mara 3 au 4 kwa dakika, hofu na kuzama kwa pamoja. Zamani ningesema kifaa kibovu. Na nikaelewa kwa nini vifaa vya siku hizi havibebi sensa moja, vina kipima mwendo kinachohesabu kila pigo la mkia, dira, presha, maikrofoni, vingine na kamera, manake mnyama hana wa kumuuliza jioni barazani, lazima umpatie mashahidi wengine. Ile kazi ya 2023 ya sili tembo, waliovalishwa kofia ya kusoma ubongo ikaonekana wakiwa baharini wanalala saa 2 hivi tu kwa siku, wakizama huku wanazunguka kama jani linalodondoka, isingeaminika kama kofia ingekuwa peke yake bila ya kipima mwendo.

Ukitaka kujaribu na mzamiaji wako, kuna sharti moja mimi sikulegeza: asipumue haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili akae zaidi chini kwa sababu ya kifaa. Kupumua hivyo hakuongezi oksijeni ya maana, kunafukuza kaboni dioksidi tu, ile hamu ya kupumua inachelewa na mtu anazimika majini bila onyo. Ami yeye alianza kutaka kushindana na grafu yake ya jana, nikamwambia siku hiyo mkanda unabaki nyumbani. Alinuna. Na mkanda ukitoka baharini usuuze kwa maji matamu palepale na ukaushe vile vifungo vya chuma, vyangu vya kwanza viliota kutu wiki hiyo hiyo nikabadilisha kwa vya begi la shule.