Kunyanyuka bila kushika kitu

Februari mwaka jana tulikuwa msibani Uru, Kilimanjaro. Wanawake kama kumi na watano tumekaa kwenye vigoda nyuma ya nyumba, tunamenya ndizi za machalari. Jua lilipotufikia, mtu akaita tuhamie kivulini. Wenzangu wakainuka. Mimi nikajaribu, mapaja yakagoma. Nikajaribu tena, wapi. Bibi aliyekaa kushoto kwangu, aliyenizidi si chini ya miaka kumi na mitano, akaweka kisu chini akaninyooshea mkono. "Nishike, mwalimu." Akanivuta, kisha akainama, akabeba beseni la ndizi na kwenda nalo.

Nilikuwa na miaka 61. Sikuwa mgonjwa, presha yangu ilikuwa nzuri, sukari hakuna. Usiku ule sikulala, na aliyeninyima usingizi alikuwa mama yangu.

Mama anaishi Kibosho. Miaka mitatu kabla ya msiba huo alitoka usiku kwenda choo cha nje, mvua imenyesha, kandambili zimeisha soli. Akateleza, mfupa wa nyonga ukavunjika. Alipasuliwa, akawekewa chuma, na tangu hapo anatembea kwa fimbo. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba dalili tuliziona. Kwa miaka kama miwili kabla ya kuanguka alikuwa hasimami bila kuisukuma meza kwa mikono yote miwili. Sisi watoto wake tulisema "ni uzee" tukaendelea kunywa chai. Sasa na mimi nilikuwa nimeshikwa mkono msibani.

Nilikwenda hospitali kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa rika la wanafunzi wangu. Hakunipa dawa. Akaegemeza kiti ukutani, akasema, "Mama, kaa hapo, mikono ipishanishe kifuani. Nikisema anza, simama wima, kaa, simama tena." Sekunde 30. Nikafikisha mara tisa. Akaniambia kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya 12 ni dalili kwamba miguu imepungukiwa nguvu na hatari ya kuanguka ipo.

Alinieleza vizuri, na ningependa kila mtu wa miaka arobaini angeelezwa hivyo. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Kwa mwanamke kuna jambo la pili. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na ndani ya miaka mitano hadi saba msongamano wa mifupa unaweza kupungua hadi asilimia 20. Hakuna kinachouma, ndiyo maana hatujui. Nikamuuliza kama nimechelewa. Akanisimulia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990: wazee wa miaka tisini hivi walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wiki nane tu, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Nilirudi nyumbani na hilo moja kichwani.

Nilipofikiria, nikaona kilichonipata. Zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya ubao na kutembea kwenda na kurudi kazini. Nilipostaafu nikakaa. Watoto wakasema "pumzika, mama, umefanya kazi sana," na mimi nikawatii. Bodaboda hadi sokoni, bodaboda hadi kanisani, jioni televisheni. Yule bibi wa Uru bado anakata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani kila siku. Sisemi kazi ile ni nyepesi au kwamba mgongo wake haumuumi. Lakini miguu yake haikupata nafasi ya kusahau kazi.

Nilianza na kiti cha mbao cha jikoni. Kilikuwa kifupi kwangu, kwa hiyo nikaweka mto mgumu juu yake. Asubuhi mara tano, jioni mara tano, mikono kifuani. Cha kuzingatia ni kushuka: usijitupe, hesabu hadi tatu ukiwa unateremka, utasikia mapaja yanaungua, na hapo ndipo kazi ilipo. Baada ya wiki tatu nikatoa mto. Nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa sinki, kisha ninabadilisha. Mara mbili kwa wiki nabeba vidumu viwili vya lita 5 nikizunguka nyumba. Kutembea nako nimekurudia, dakika 30 siku tano za wiki.

Mwezi wa pili wa mazoezi nilikosea. Nilijiona nimepona, nikapanda mlima wa kwa mama kwa mguu bila kupumzika njiani. Goti la kulia likavimba. Nilikaa wiki nzima na kitambaa cha maji baridi, nikaanza upya kwa kiti kirefu. Yule kijana alinieleza kwamba gegedu, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikiwa imelika, misuli ya paja ndiyo inayolipunguzia goti mzigo, kwa hiyo kuacha kabisa kungeniumiza zaidi. Tangu hapo naongeza kidogo kidogo.

Chakula nilikuwa sijakifikiria. Jioni nilikuwa nakunywa chai na mkate, kwa sababu kumpikia mtu mmoja kunachosha. Misuli haijengwi na mkate. Mwenye umri wetu anahitaji protini gramu moja au zaidi kidogo kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, labda awe na ugonjwa wa figo, hapo daktari ndiye anayepanga. Yai moja lina kama gramu 6 tu, hivyo nikaona nilivyokuwa mbali. Siku hizi nala maharage, mtindi, na dagaa wazima na mifupa yao, maana humo kuna kalsiamu. Kwetu mama aliyetoka kujifungua hupikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ili arudishe nguvu. Sijawahi kusikia mtu akisema mwanamke wa miaka 61 apikiwe mtori, na mimi nimeanza kujipikia kila Jumapili.

Kwa mama, fundi alichomelea bomba la kushikia chooni, tukaweka taa ya sola njiani, na kandambili nikazitupa mwenyewe. Anavaa viatu vya mpira vinavyofunika kisigino. Usiku akiamka, anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda hadi kichwa kitulie, kwa sababu uzeeni presha huweza kushuka ghafla ukisimama haraka.

Mwezi wa sita wa mazoezi nilipimwa tena, nikafikisha mara 13.

Nilipomwonyesha mama zoezi la kiti alinitazama kwa muda. "Mwanangu, nina miaka 84." Nikamwambia habari ya wale wazee wa miaka tisini. Akanyamaza, kisha akasema nimsogezee kile kiti kirefu cha mikono. Tulianza na mara mbili, mimi nimemshika kiunoni. Jumamosi iliyopita alisimama mara sita, nami nilikuwa nimesimama pembeni tu, mikono tayari, sijamgusa.