Maua au tembo: nilivyochagua mwezi wa kuwaleta wageni Mbeya

Ndugu zangu wa Dar wakiniuliza waje Mbeya lini, nami huuliza kwanza wanataka kuona nini. Safari hii alikuwa shemeji yangu na wanawe, na alivitaka vyote: maua ya hifadhi ya Kitulo na tembo wa hifadhi ya Ruaha, likizo hiyo hiyo moja.

Haiwezekani, angalau si vizuri. Wao wamezoea vuli na masika. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza Novemba na kukatika kama Mei. Kitulo inachanua humo humo kwenye mvua, Desemba hadi Aprili. Ruaha ni kinyume chake: Juni hadi Oktoba nyasi zimekauka, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama hawana budi kuja mtoni.

Shule nazo zinafungwa Juni na Desemba. Juni ningewapeleka Kitulo wakaone nyasi kavu na baridi ya kuuma masikio, maana kule juu ni kama mita 2,600. Nikachagua mwisho wa Desemba, Ruaha ikasubiri.

"Shemeji, masweta ya nini mwezi wa kumi na mbili?" aliniuliza kwenye simu, huku Dar wakitoka jasho. Nikamwambia abebe tu, na mabuti ya mvua.

Kazi ilikuwa barabara. Kutoka Chimala kupanda Matamba, njia ya kwenda Kitulo, kuna zile kona 57, na tope likikolea, gari dogo halifai. Sikuangalia utabiri peke yake. Nilipiga simu kwa dereva anayepanda kila siku, nikamuuliza jana mvua ilinyesha saa ngapi. Akasema mchana, kama kawaida. Basi tulitoka Chimala alfajiri kwa gari la juu, tukawa tumeshatembea uwandani kabla mawingu hayajashuka. Maua hayakuwa yamefikia kilele, mimi mwenyewe napenda zaidi Februari, lakini okidi zilishaanza, na watoto walishindana kuhesabu rangi. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Saa nane mvua ikatukuta tumeshakaa Matamba tunakunywa chai.

Tembo tumewapangia Juni. Watashukia Iringa, mimi nitawafuata huko, na masweta watayahitaji zaidi mjini. Ruaha iko chini, mchana kuna joto.