Sikukuu ya Muungano, mbwa anatoka mate na chupa ya dawa haina lebo: nilivyofanya

Mi ni daktari wa mifugo, kliniki yangu ipo Sinza na sikukuu huwa nafungua. Sababu ni kwamba watu wa Dar siku za kazi hawaonekani nyumbani, wanatoka giza wanarudi giza, mbwa anakaa na mlinzi au dada wa kazi, kwahiyo siku ya mapumziko ndo mwenye mbwa anamwona mbwa wake mchana na kugundua tatizo ambalo lina wiki mbili. Alafu 26 Aprili inaangukia katikati ya masika, na masika kwetu maana yake kupe, funza na parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa damu.

Siku hiyo nilifika saa mbili mvua inanyesha. Wakaanza watoto wawili wa mbwa kutoka Kimara, miezi mitatu, hawajawahi kuchanjwa, wanaharisha damu yenye ile harufu ukiisikia mara moja huisahau. Nikawatenga chumba cha nyuma nikawawekea dripu, msaidizi wangu nikamwambia kaa nao wewe tu, mbele usije, maana parvo inatembea na viatu na mikono. Akaja mwingine ana funza mgongoni, nikawakamua kumi na mmoja.

Saa nne na nusu gari ikapaki mlangoni, mzee mmoja akashuka anaita dokta, dokta, nyuma yake kijana wake wa kidato cha tatu kambeba Tomi, mchanganyiko wa jamii ya shepherd, kilo 30. Mzee anasema majirani wamemwekea sumu na anamjua aliyefanya. Nikamlaza mezani. Mate yanashuka kwa nyuzi mpaka sakafuni, machozi yanatoka, kajikojolea, misuli ya mapaja inacheza chini ya ngozi kama kuna kitu kinatembea humo ndani. Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, moyo 52 kwa dakika, kifuani nasikia maji.

Ukiona hivyo unawaza oganofosfeti au kabameti, sumu za kuulia wadudu. Hizi sumu zinazuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu, kwahiyo tezi na misuli zinaendelea kupokea amri bila kusimama, na mbwa anakufa kwa kuzama kwenye maji ya mapafu yake mwenyewe. Dawa ni atropini. Nilikuwa na vichupa 9 tu vya miligramu moja moja, na maduka ya dawa za mifugo siku hiyo yamefungwa. Nikaanza na dozi ndogo ya kujaribu, miligramu 0.6 mshipani, nikaweka kipimo kifuani nikasubiri. Mbwa asiye na sumu hii, kwa dozi hiyo mapigo yanapanda na mdomo unakauka. Kwa Tomi hakuna kilichobadilika, kwahiyo sumu ni hiyo. Nikampa dozi kamili, miligramu 6, robo mshipani, iliyobaki chini ya ngozi.

Nilipoinama kusikiliza tena kifua ndo nikaisikia harufu kwenye manyoya. Tumbo lote limeloa, mzee anasema mvua, lakini mbwa kaja ndani ya gari! Nikamuuliza, mzee wangu, huyu mbwa anakaa na nani kutwa? Akasema kijana wa getini. Nikamwambia mpigie, weka spika.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mdogo wangu. Usiogope, hapa hakuna wa kukugombeza, nataka Tomi apone. Leo asubuhi umempa nini?"

Kimya kidogo. "Sijampa kitu dokta. Nimemwogesha. Kupe walikuwa wamejaa mpaka ndani ya masikio."

Dawa alipimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya nusu lita, lebo hamna, anachokumbuka ni kwamba ukiitia kwenye maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Aliambiwa kizibo kimoja ndoo kubwa, yeye akaweka vinne kwenye ndoo ndogo ili kupe wafe haraka. Duka limefungwa, lakini kijana alimlipa muuzaji kwa simu kwahiyo namba ipo kwenye meseji. Nikampigia muuzaji, yuko kwake anakula, akanitajia kopo alilopimia, na hilo kopo nalijua, ni klofenvinfosi, oganofosfeti ya kuogeshea ng'ombe.

Nikarudi kwa yule kijana, namuuliza kuna mbwa mwingine hapo? Ndio, Popi, nimemaliza kumwogesha sasa hivi. Ulivaa glavu? Hapana. Kichwa kinauma? Kinauma dokta, na macho yanaona ukungu, nikajua ni njaa.

Mzee alikuwa amesimama pembeni yangu, uso ukambadilika kabisa. Habari za majirani zikaishia hapo. Nikamwambia yule kijana avue nguo zote sasa hivi, ajimwagie maji na sabuni mwili mzima, Popi asimguse tena, mama wa nyumba avae glavu za jikoni ndo amwoshe. Nikaandika jina la dawa kwenye karatasi kwa herufi kubwa nikampa mzee, mchukue kijana mpeleke hospitali, hii mpe daktari wa zamu mkononi. Akaondoka anakimbia.

Mimi na mtoto wake tukavaa glavu tukamwosha Tomi kwa sabuni ya vyombo, mara tatu, mpaka katikati ya vidole, maana unaweza kumchoma atropini mpaka iishe huku ngozi inaendelea kunywa sumu. Mwenzangu wa Mbagala alikuwa na vichupa 20, akanitumia kwa bodaboda, nikamsisitiza dereva apite barabara ya Mandela, asithubutu Jangwani kunakojaa maji, kwa mvua ile. Kilifika kifurushi saa nane kasoro, mi nimebaki na vichupa viwili na kifua cha Tomi kimeanza kukoroma tena. Hapo unafuata kifua, mboni achana nazo, mapafu yakilowa unaongeza, yakikauka unaacha. Mpaka saa tatu usiku nilikuwa nimerudia mara nne. Nililala kliniki. Alfajiri akainua kichwa akanywa maji.

Popi hakuugua. Mtoto mmoja wa parvo alikufa usiku ule ule, mwenzake akapona. Yule kijana walimlaza siku moja.

Tarehe 28 alikuja mwenyewe kumchukua Tomi, bado ana plasta mkononi pale walipomwekea dripu. Tomi alimsikia sauti tangu nje, akaanza kupiga mkia kwenye vyuma vya kizimba. Kijana akamshika masikio, akayafunua moja moja kuangalia kupe, alafu ndo akanigeukia.

"Dokta, yale maji ya kwenye ndoo bado yapo. Niliogopa kumwaga mtaroni."

Nikamwambia asiyamwage, aifunike ndoo aiweke juu watoto wasifikie, Jumamosi nakuja kuichukua mwenyewe.