Siku moja ya bwana shamba: kumsaka dumuzi kiangazi, Tabora

Saa 12 na nusu asubuhi. Tochi, kisu, chekeche, chupa kavu na chumvi, pikipiki inawaka. Mwezi wa nane mashamba ya Uyui hayana kitu, na watu huuliza bwana shamba anakagua nini. Anamkagua dumuzi, mbawakavu anayetoboa mahindi ghalani, ambaye wazee bado wanamwita Skania. Afrika alitambuliwa kwanza hapa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitokea Amerika ya Kati. Mbawakavu wengi wa mazao huko Ulaya huupitisha msimu wa baridi wamejibanza chini ya majani makavu. Huyu wetu kiangazi hakimlazi, humhamisha tu.

Saa 2 na saa 3, kaya nne. Salama.

Saa 4 ndipo penye kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Dawa nimeweka, wadudu wanazidi. Mmetuuzia feki."

Feki zipo kweli, ila hii kainyunyiza juu ya mahindi ya magunzi. Punje ikishikwa na gunzi haichezi, dumuzi anapata pa kuegemea akitoboa, na dawa haimfikii ndani. Pukuchua, anika, kisha pima: punje na chumvi kavu kwenye chupa, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Ndipo uchanganye kwa koleo, gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Sumu ya permethrini ni ya dumuzi, pirimifosi ya fukusi, mdudu mwingine wa ghalani. Kuanika peke yake hakutoshi: fukusi hudhoofika, dumuzi huzaliana hata unyevu ukishuka hadi asilimia 9.

Mzee anakubali yote, isipokuwa nguzo za kihenge. Zina miaka, hazing'oki. Nachokoa moja kwa kisu: unga unamwagika, tundu la duara, na ndani yake mdudu wa kahawia iliyokolea, milimita 4 hivi, kichwa kimefichwa chini ya kifua, nyuma kama kakatwa kwa msumeno. Kwenye joto la nyuzi 32, yai huwa mdudu kamili kwa siku 25 hivi. Gunia safi likiegemea hapo, mavuno yamekwenda. Saa nzima imeishia kwenye nguzo! Tumeafikiana nusunusu: mbovu zichomwe, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Makopa ya mama nyuma ya jiko yameshakuwa vumbi.

Mchana, sijui saa ngapi, porini. Mtego wenye harufu ya dume hutundikwa zaidi ya mita 100 kutoka ghalani, la sivyo unawaita nyumbani. Umejaa, na karibu hapa hakuna hindi hata moja. Wanakaa kwenye vijiti vikavu vya miombo. Namwaga, nahesabu, natundika upya kabla ya magharibi, maana giza likianza kuingia ndipo wanaporuka.