Nilivyopata Mazda MX-5 yangu ya kwanza, na kwa nini sitaki tena kusikia habari za maili

Gari iko nje ya dirisha saa hizi, mvua inapiga tangu alfajiri, na ndani ni pakavu. Nimetoka kuigusa zulia kwa mkono, nyuma ya siti zote mbili, pakavu kabisa. Huo ukavu nimeutafuta miezi minne, na ninaandika haya kwa sababu watu watatu hapa Coventry wameshaniuliza nilifanyaje, na wote watatu walikuwa wameshalishwa ushauri uleule niliolishwa mimi, kwamba angalia maili ilizotembea, ikiwa chini ya elfu hamsini lipa uondoke.

Nimeambiwa hivyo na binamu yangu, nimeambiwa na jamaa wa shifti, shemeji yangu ndo alinipigia simu kabisa kunisisitizia. Jamani. Kwa gari ya kawaida ya kwendea kazini labda. Ila gari ya kufungua paa yenye miaka ishirini, iliyoishi Uingereza hapa ambako kila baridi ikianza wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, huo ushauri utakula hela yako yote. Injini ya MX-5 ikimwagiwa oili kwa wakati haina shida, watu wanaenda nayo maili laki moja na nusu na zaidi. Kinachokufa ni bodi, na bodi haisomeki kwenye dashibodi.

Kwamba nataka MX-5 hilo sikuwa na maswali. Kuna watu walinishauri nichukue BMW Z3 au Audi TT, eti ndo gari za heshima, nikawajibu mimi nataka gari nyepesi ya siti mbili, gia za mkono, matairi ya nyuma ndo yasukume, na paa nilivute mwenyewe. Paa la MX-5 la turubai ni lachi mbili tu juu ya kioo cha mbele, unafungua, unalisukuma nyuma ukiwa umekaa palepale kwenye siti, kwisha. Gari zenye paa la mota na pampu ni raha mpaka siku mota inagoma, na kwenye gari ya miaka ishirini hiyo siku haiko mbali. Nikaamua nitafute NB, ile toleo la pili iliyoanza kutoka 1998 ikaishia 2005. Ya kwanza kabisa ya 1989, ile yenye taa za kuinuka, ndo nzuri kuliko zote kwa macho yangu lakini bei yake imeshapaa. Ya tatu ni gari nzuri, ina cheni badala ya mkanda wa taiming, ule wa mpira kwenye injini unaobadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, ila niliikalia nikaona kubwa. NB ndo ilinikaa mwilini.

Sasa gari ya kwanza niliyokwenda kuona. Oktoba, mji mmoja kama saa nzima kutoka hapa, nyekundu, maili elfu arobaini na nane, anataka paundi elfu moja na mia tisa. Nilikwenda na binamu. Tulipofika ilikuwa imeoshwa inang'aa, mati mpya, ndani inanukia mpaka pua inawasha, na injini tayari ya moto. Hiyo peke yake ingetosha kunistua, kwa sababu gari inayouzwa unatakiwa uikute ya baridi, usikie inavyowaka asubuhi, ukiikuta imeshapashwa moto jua kuna kitu hataki ukisikie. Lakini nilikuwa nimeshapenda. Binamu ananivuta shati, "Kaka, maili arobaini na nane, gari ya mwaka 2002, utapata wapi? Weka hela kabla hajaja mwingine." Nikatoa paundi mia mbili kishika uchumba, nikaahidi kurudi Jumamosi.

Usiku sikulala vizuri. Nikachukua simu, nikaingia kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka, ambayo ni bure na unachohitaji ni namba ya gari tu, hata jina hawakuulizi. Nikaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Miaka mitano nyuma, onyo, kutu kwenye sili, ule ukingo wa chuma chini ya mlango unaouruka ukiingia, upande wa kushoto nyuma. Mwaka uliofuata imefeli, sili zote mbili. Wiki hiyohiyo imepita. Halafu angalia maili sasa, kwa miaka mitatu mfululizo imetembea chini ya mia tatu kila mwaka. Maana yake gari ilikuwa imesimama tu.

Hapo ndo nikakaa kujifunza kwa nini kusimama kunaiua. Maji ya mvua yakishuka kwenye turubai yanakusanywa kwenye mfereji nyuma ya paa, yanaingia kwenye vitundu viwili nyuma ya siti, kimoja kila upande karibu na mikanda, yanashuka kwa mpira mpaka yanatokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari ikikaa chini ya mti, majani yanaziba vitundu, maji yanakosa njia, yanajaa ndani ya sili, na chuma kinaoza kutokea ndani kuja nje. Ukiona kipele cha kutu kwa nje, ndani kumeshabaki karatasi. Kwa hiyo yale maili machache waliyokuwa wananisifia wote ndo yalikuwa dalili ya ugonjwa wenyewe.

Jumamosi nikarudi na sumaku. Hapa nisimame kidogo maana hii ndo sehemu ninayojivunia. Kwenye friji yetu kuna sumaku ya Zanzibar, ile laini kama mpira yenye picha ya mlango wa nakshi, tulinunua Forodhani. Watu wanabeba sumaku kali za gereji, hizo zinadanganya, kwa sababu sumaku kali inavuta chuma hata kikiwa nyuma ya tabaka la puti, yale matope wanayoziba nayo mashimo kabla ya kupaka rangi. Ile dhaifu ya friji inashika kwenye chuma kizima chenye rangi ya kawaida tu, ukiiweka juu ya puti inaanguka. Nikaifunga kwenye kitambaa chembamba isikwaruze, nikaanza kuzoesha mkono kwenye Yaris ya mke wangu, mlango, tope gadi, sili, mpaka nikajua chuma kizima kinavutaje.

Nikafika, nikamsalimia jamaa, nikapiga goti. Mlango umeshika. Nyuma ya tairi la mbele imeshika. Nikawa naisogeza taratibu kwenye sili kuelekea nyuma, imeshika, imeshika, na kama shibiri mbili kabla ya tairi la nyuma ikaniangukia mkononi. Nikarudia. Ikaanguka tena. Nikaenda upande wa pili, palepale, ikaanguka. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, mbele inalia ngo ngo ngo, hapo inalia pu pu, kama unagonga ukuta wa udongo. Nikainua zulia nyuma ya siti ya abiria, nikaminya, maji yakatoka katikati ya vidole. Binamu alikuwa amesimama kimya. Jamaa alianza maneno, eti kila gari ya umri huu iko hivyo, tukabishana robo saa nzima pale barabarani, mwisho akanirudishia mia akabaki na mia. Niliumia. Hiyo mia mpaka leo naikumbuka, na ndo maana nawaambia msome historia ya MOT kabla hata ya kuwasha gari kwenda kuangalia, sio usiku baada ya kutoa hela.

Ya pili nisiirefushe. Novemba, bluu, sili nzima, ila nililala chini na tochi nikaona chesisi ya mbele, zile nguzo mbili zinazobeba injini, imevimba na kubanduka kama chapati za tabaka. NB za kuanzia 2001 zina tabia hiyo hapo mbele, na kuchomelea hapo ni kazi ya fundi hasa na hela ndefu. Nikashukuru nikaondoka.

Nikatulia mpaka Januari. Hii nayo mtu haambiwi. Hakuna anayetaka gari wazi Januari, muuzaji anapigiwa simu na mtu mmoja kwa wiki, wakati mwezi wa tano likitoka jua siku mbili tu bei zinaruka. Ikatokea moja ya rangi ya fedha, ya 2003, injini ya 1.8, maili laki moja na elfu nne. Mwenyewe mama mmoja mstaafu, mstaarabu sana, alinikaribisha chai kabla hata ya kufungua gereji. Akaniletea faili. Risiti tangu 2009, oili kila mwaka, mkanda wa taiming umebadilishwa pamoja na pampu ya maji, na sili za nyuma zote mbili zilikatwa zikawekwa chuma kipya 2021, na fundi alimpigia picha kila hatua, chuma kibovu kimetolewa, kipya kimechomelewa, kimepakwa dawa ya kutu ndani. Nilishika zile picha nikasema moyoni hii ndo gari yangu, lakini sumaku niliitoa vilevile. Ikashika mwanzo mpaka mwisho, pande zote.

Nikamwomba ruhusa nimwage maji. Chupa ya lita moja na nusu, nikamwaga polepole kwenye mfereji wa nyuma upande wa kulia, nikainama, maji yanachuruzika mbele ya tairi la nyuma kama bomba. Kushoto vilevile. Yule mama akaniambia kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuja kuiangalia akamfanyia hivyo gari yake, na nadhani hapo ndo aliamua gari ni yangu.

Nilitesti nusu saa. Gia ya pili ikiwa ya baridi ilikuwa ngumu kidogo, ikapata moto ikalainika, hiyo kwa gari hizi ni kawaida. Alitaka elfu mbili na mia nne. Nikamwonyesha matairi, kashata zimejaa bado lakini ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo wiki na mbili za mwisho mwaka, yake yalisoma 2214, yaani wiki ya 22 mwaka 2014. Mpira wa zaidi ya miaka kumi umeshakauka, kwenye gari inayosukuma kwa nyuma na barabara yenye maji huo ni mchezo wa hatari. Akakubali, tukafunga elfu mbili na mia moja na hamsini.

Nilipomtumia binamu picha akapiga hapohapo. "Laki moja na nne? Kaka, si nilikwambia?" Nikamwambia njoo na mkono wako uminye zulia. Alikuja Jumapili, akaminya, akanyamaza, akaomba nimpeleke raundi.

Makaratasi ni kawaida, niliangalia kama gari ina deni la mkopo, nimelipia kidogo tu, bima nimeikata kwa simu nikiwa jikoni kwa yule mama, ikaja mia nne na kitu kwa mwaka, nilitegemea zaidi. Ushuru wa barabara kumbukeni hauhami na gari tangu 2014, hata kama aliyekuuzia alilipa jana lazima ulipe wako kabla hujatoka getini, na kwa NB sio mdogo.

Kurudi nyumbani nilikataa kupita motowei. Nilipita Fosse Way, ile barabara ya Warumi, inakata mashamba imenyooka kama imepigwa rula. Nyuzi joto sita, nikapaki pembeni, nikafungua lachi, nikasukuma paa nyuma, vioo vya pembeni juu, hita yote miguuni, kofia. Nikaondoka. Sijui nielezeje. Mara ya mwisho upepo kunipita kichwani namna ile nilikuwa na miaka kumi, nimekaa juu ya magunia ya karoti nyuma ya pikapu ya baba mdogo tunashuka kutoka Soni kwenda Mombo, kona baada ya kona, na unasikia harufu ya kila kitu, miti, moshi wa kuni, mto. Hapa ilikuwa samadi na udongo uliolowa. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili nikapiga kelele peke yangu barabarani, na siombi radhi.

Tangu hapo nimeweka matairi manne, kama mia tatu hivi, na mwezi wa nne pedeli ya klachi ikazama, ni ile silinda ndogo ya chini inayosukuma klachi, kifaa chenyewe paundi ishirini na kitu, nilibadilisha mwenyewe mchana mmoja mke wangu akinikanyagia pedeli nikitoa hewa. Baada ya hapo hakuna kitu.

Kazi moja tu siiruki. Kila mwezi nachukua ule uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia majani, kipande kama mita moja, nauchoma ncha kwa kiberiti uwe butu, naupitisha taratibu kwenye vitundu nyuma ya siti. Msitumie waya wa chuma, utatoboa mpira wa ndani na maji yataingia kulekule mnakokimbia. Wiki iliyopita ulitoka na jani moja la mwaloni, limeoza, dogo kama ukucha. Mvua hii ikikatika nashuka kuangalia tena.