Alichotuachia Mwalimu wetu wa taichi hapa Mwanza

Tangu Mwalimu wetu wa taichi, ile sanaa ya mapigano ya Wachina, arudi kwao China, wateja wanaokuja kwenye cherehani yangu pale Makoroboi wananiuliza swali lilelile: "Mama, umefika hatua ya ngapi?" Waliowahi kupita kwenye karate wanatarajia nitaje mkanda. Wengine wanatarajia nisimame niwaonyeshe kile wanachokiona kwenye simu, wazee wa Kichina wamejipanga uwanjani wakizungusha mikono polepole. Mimi nawajibu kwamba alitufundisha kusimama, kuzungusha mkono, na muondoko wa kwanza wa mfululizo wake, yaani miondoko inayofuatana kwa mpangilio. Hapo wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyepunjwa. Naandika haya kwa sababu sikupunjwa, na nataka nieleze kwa nini.

Mwalimu ni mzee aliyekuja kumtembelea mwanawe, ambaye anafanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Nilimfahamu kwa sababu ya suruali. Kijana wetu mkalimani, aliyesoma Zhengzhou, China, na ambaye nimemshonea tangu akiwa sekondari, alimleta apimwe: suruali pana, mpira kiunoni, nafasi ya kutosha kwenye mapaja. Alipokuja kuijaribu hakujitazama kwenye kioo. Alishuka chini palepale mbele ya meza ya kukatia, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooka mbele karibu unagusa sakafu, halafu akainuka taratibu bila kushika kitu. Mzee wa umri wa kupewa shikamoo na mimi! Niliacha mkasi nikamwambia kijana, mwulize huyu mzee anafundisha watu?

Akakubali, kwa sharti kwamba tuje mapema na tusimlipe. Tulikuwa kikundi kidogo: mimi, binti yangu ambaye ni muuguzi, vijana wawili wa bodaboda, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kaka mmoja anayebeba mizigo pale mwaloni Kirumba. Tulikutana kwenye kipande cha nyasi ufukweni upande wa Capri Point, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijayapata mawe. Tulimfundisha kuitikia "marahaba", naye akawa anaitikia kwa sauti kubwa kila mtu alipofika.

Niseme kidogo alikotoka, maana watu wanadhani taichi ni moja. Yeye ametoka mkoa wa Henan, wilaya ya Wen, ambako ndiko kiliko kijiji cha Chenjiagou, kijiji cha ukoo wa Chen. Ukoo huo unamtaja Chen Wangting, askari wa karne ya 17, wakati utawala wa kifalme wa Ming unaanguka, kuwa ndiye aliyeianzisha sanaa yao. Kwa vizazi walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Aliyeitoa nje ni Yang Luchan (1799–1872), mtu asiye wa ukoo, aliyejifunza kwa Chen Changxing kisha akaenda kuifundisha Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliifundisha kwa mwendo mpana, wa polepole, usiobadilika kasi, na huo ndio wengi duniani wanaoujua. Mwaka 1956 serikali ya China ikatunga mfululizo mfupi wa miondoko 24 kutokana na mtindo huo wa Yang, na mara nyingi ndio mnaouona kwenye simu. Wa Mwalimu ni ule wa zamani wa Chen: unakwenda pole, unajikunja, halafu ghafla pigo linatoka, kisha pole tena.

Sasa, kusimama. Miguu imeachana upana wa mabega, magoti yamelegea, kiuno kimeshuka, mikono imezunguka mbele ya kifua bila kugusana. Mwalimu alipita kwa kila mtu akirekebisha kwa vidole viwili tu. Jambo alilokuwa mkali nalo kuliko yote ni goti: lielekee kule kidole gumba cha mguu kinakoelekea, lisiingie ndani hata kidogo, kwa sababu kwenye taichi unazunguka huku umebeba uzito wote juu ya mguu mmoja, na goti linalosokotwa hivyo linakufa. Nyonga ndiyo izunguke. Vijana wa bodaboda walidhani wana miguu imara kwa ujana wao, lakini baada ya muda mfupi mapaja yao yalitetemeka sawa na yangu.

Kwangu alikaa sana. Aliweka kiganja juu ya bega langu la kulia, hakubonyeza, akakiacha pale. Kushona kunapandisha mabega na kuivuta shingo mbele, maana jicho linafuata sindano siku nzima, mwaka baada ya mwaka. Mimi sikujua kwamba bega langu liko juu mpaka niliposikia linashuka. Likashuka lenyewe, mkono ukawa mzito mpaka kwenye kucha, na pumzi ikaenda chini ya kitovu bila mimi kuituma. Mkalimani akasema, "Mama, Mwalimu anasema bega likikaa mahali pake, kiwiko nacho kinajua pa kukaa." Nililia kidogo, siwafichi. Maumivu yale ya kati ya bega na shingo nilikuwa nimeshayahesabu kuwa sehemu ya kazi.

Asubuhi moja walipita akina mama wawili wametoka kununua samaki. Mmoja alikuwa na beseni la sato kichwani, mikono yote huru, anazungumza na mwenzake huku anageuka kumtazama. Mwalimu akatusimamisha tumwangalie. Utosi uko juu, kidevu kimerudi ndani kidogo, shingo haikukakamaa, mabega yameshuka, kiuno kinacheza, na beseni halitikisiki. Katika kanuni kumi alizoacha Yang Chengfu, ya kwanza ni hiyohiyo: utosi uinuke bila kuilazimisha shingo. Mwalimu akamwomba mkalimani awasalimie. Mwangaluka, mwangaluka. Yule mama akakubali kumfundisha: akampa ngata, akamwekea beseni, na mzee wa watu akatembea hatua zake kwa makini sana kando ya maji. Alipolishusha, alimwinamia yule mama, mikono imekutana kifuani, vilevile anavyomwinamia picha ya mwalimu wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo tunasimama na ngata. Nimezishona kwa vipande vya kitenge vinavyobaki mezani, kila mtu na yake, juu yake tunaweka sahani ya bati. Kichwa kikiinama tu, sahani inakwambia.

Muondoko wa kwanza unaitwa Mlinzi wa Buddha Atwanga Kinu. Mikono inapanda, inageuka, uzito unahama, unapiga hatua, halafu ngumi ya kulia na goti la kulia vinapanda pamoja na kushuka pamoja: ngumi kwenye kiganja cha kushoto, unyayo kwenye ardhi. Sisi tuliokulia kwenye kutwanga tulishusha mguu kwa nguvu zote. Mwalimu akakataa. Mguu hausukumwi, unaachiwa. Paja likilegea kweli, unyayo wote unatua kwa wakati mmoja na mlio ni mzito, mfupi. Ukiukandamiza, kisigino kinagonga peke yake na mlio unapanda mpaka kwenye meno. Na ili uuachie, lazima uzito wote uwe umeshahamia mguu wa kushoto. Ukiwa umejigawa nusu kwa nusu, mguu haunyanyuki bila kujirusha. Tulirudia hilo asubuhi zote zilizobaki. Katika mfululizo mzima muondoko huo unarudi tena na tena, na kuhamisha uzito ndiko kuliko katika kila muondoko mwingine. Kwa hiyo anayesema alitufundisha kimoja aangalie hicho kimoja kina nini ndani.

Dada mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kwa upole kama hii si ibada ya miungu mingine. Ni swali la haki, nikalipeleka kwa Mwalimu lilivyo. Alimwita kijana mmoja wa bodaboda, akamwambia amshike kifundo cha mkono kwa nguvu. Akageuza kiuno, mkono ukapanda katika mzunguko uleule wa kutwanga kinu, na kijana akajikuta amekaa kwenye nyasi. Hayo ndiyo maana yake, akasema: ni mapigano. Jina limetoka kwenye walinzi wanaochongwa milangoni mwa mahekalu. Fikra zake ni za yin na yang, yaani pande mbili zinazopingana na kukamilishana, kama kujaa na kuwa tupu, na hakuna anayeficha hilo. Lakini hatukusali, hatukuchoma ubani, hatukuapa. Rozari yangu iko mfukoni mwa suruali ileile ninayofanyia mazoezi.

Siku za mwisho alitugusisha mikono. Mnasimama mkitazamana, kifundo kwa kifundo, mnasukumana kwa mzunguko. Nilipangwa na kaka wa mwaloni, mtu anayebeba gunia la dagaa kama hakubeba kitu. Nilipomkazia, nilirudi nyuma mara moja. Niliposhusha bega na kugeuza nyonga, nguvu yake ilipita kando yangu na hatua yake ya mbele ikamtoka. Akanitazama kwa heshima mpya, nami pia nilimtazama hivyo, kwa sababu alielewa papo hapo na safari ya pili hakusukuma tena kwa mabega. Mkono wa Mwalimu mwenyewe siwezi kuueleza vizuri. Haukuwa mgumu wala haukuwa laini. Unausukuma, unasukumika, lakini huupiti. Wachina wanaiita nguvu hiyo peng.

Kuhusu afya nitakuwa mfupi, maana nimeona watu wanauza maneno. Binti yangu alinisomea utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la New England la Marekani: wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha na kukakamaza mwili, waligawanywa makundi matatu kwa wiki 24, na waliofanya taichi walidhibiti mizani ya mwili vizuri kuliko wa makundi mengine mawili. Hilo ni jambo kubwa, hasa kwa wazazi wetu wanaoanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Taichi haiponyi kisukari wala presha. Usiache dawa zako.

Sasa vijana wetu wamepakua mfululizo mzima kwenye simu na wanataka tuendelee wenyewe. Nimepinga, na nitaendelea kupinga. Desemba 2020 UNESCO iliiweka taichi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Urithi huu umefika hapa Capri Point kwa njia moja tu, mkono wa mtu juu ya bega la mwingine, na video haina mkono. Tumekubaliana hivi: kila mwisho wa mwezi binti yangu anatupiga picha za video tukitwanga kinu, mkalimani anamtumia Mwalimu kwa WeChat, naye anajibu. Jibu la juzi lilikuwa la maneno machache: kwa mwalimu mstaafu, kidevu, kwa kaka wa mwaloni, vizuri, kwangu, goti la kushoto bado linaingia ndani wakati wa kugeuka.

Anayetaka kuja, tuko pale Jumamosi na Jumapili, saa ileile. Vaa viatu vya soli bapa. Mwenye magoti mabovu atasimama juu zaidi, si lazima ashuke. Ngata ninazo za ziada, sahani njoo na yako.